Filta ya Mia Tano, Injini ya Laki Moja na Themanini

Mwaka jana mwezi wa nane, matatu ya Anko wangu ilizima Kinungi ikiwa imejaa abiria. Haikuzima kwa adabu. Kwanza ilianza kugonga, ko ko ko, kama mtu yuko ndani ya injini na nyundo. Kisha moshi. Kisha kimya. Anko akarudishia abiria nauli zao, akapiga simu ya kuvutwa, akakaa kando ya barabara akiangalia gari ambalo bado alikuwa analipia mkopo wa sacco.

Kitu kinachouma ni hiki: Anko si mzembe. Kila kilomita 5,000 alikuwa anapeleka gari service, bila kuruka hata moja. Risiti alikuwa nazo kwa bahasha, zimepangwa vizuri kuliko vyeti vyangu vya shule. Oili mpya, filta mpya, kazi ya fundi. Kila risiti inasema hivyo.

Tukalipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Kariobangi. Akafungua filta ya oili, akaiangalia, akacheka kicheko kile cha watu waliochoka. Akachukua msumeno wa chuma, akaikata katikati kama mkebe wa maharagwe. Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwakunjwa, nyeusi tititi, imeganda kama lami. Akakwangua na kisu, akanionyesha kwa jua. Vumbi linalong'aa.

“Unaona hii?” akaniuliza. “Hiyo ndiyo beringi za Anko wako. Hii filta haijawahi kubadilishwa. Ilikuwa inapanguswa tu na tambara ing'ae, halafu mnalipishwa mpya.”

Filta ni kama mia tano. Injini ya kutumika tuliyoipata Grogan ilikuwa laki moja na themanini, bado hujalipa wa kuifunga. Konda wa Anko alikaa nyumbani wiki saba. Kazini wangu akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Yote hayo kwa sababu ya kopo ambalo hata hatujui ndani kuna nini.

Basi nikaanza kusoma. Na wacha niwaambie, historia ya hilo kopo ni tamu kuliko vile mnafikiria.

Wakati magari hayakuwa na filta

Tuanze na Ford Model T, gari lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15. Hili ndilo gari lililofanya mtu wa kawaida Marekani aache farasi. Lakini ukilifungua leo utashangaa. Halina pampu ya oili. Halina filta ya oili. Oili inakaa chini, vyuma vinavyozunguka vinaichota na kuirusha huku na huku, na kila sehemu inaomba Mungu ipate tone lake.

Barabara zilikuwa za udongo. Vumbi liliingia kwa injini moja kwa moja kwa sababu magari mengi hayakuwa na hata filta ya hewa. Sasa chukua vumbi, ongeza masizi ya petroli iliyochomeka, ongeza chembe za chuma zinazotoka kwa vyuma vinavyosuguana, halafu koroga yote kwa oili. Unapata kitu kama msasa wa majimaji. Injini inajisugua yenyewe hadi inakwisha.

Dawa ilikuwa moja tu: mwaga oili, weka nyingine. Wenye magari waliambiwa wafanye hivyo kila baada ya maili 500 hadi 1,000, yaani kama kilomita 800 hadi 1,600. Hebu fikiria mtu wa matatu ya Nairobi–Nakuru akiambiwa hivyo. Hiyo ni safari chache tu, anamwaga oili tena. Angefunga biashara.

Jamaa wa kuchuja

Huko California kulikuwa na mhandisi anaitwa Ernest Sweetland. Huyu hakuwa mtu wa magari. Kabla ya hapo jina lake lilijulikana viwandani, ambako walitumia mashine yake ya kuchuja vitu kwa shinikizo. Yaani kazi yake ilikuwa kutenganisha maji na tope. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, yeye na mwenzake George Greenhalgh wakajiuliza swali ambalo leo linaonekana rahisi: kama kiwandani tunachuja, mbona kwa gari tunamwaga?

Mwaka 1923 wakaja na kifaa walichokiita Purolator. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno matatu ya Kiingereza: pure oil later, oili safi baadaye. Ndani kulikuwa na kitambaa. Oili inapita, uchafu unabaki.

Mwaka uliofuata, 1924, Walter Chrysler akatoa gari lake la kwanza lenye jina lake. Lilikuwa na breki za haidroliki magurudumu yote manne, injini yenye nguvu, filta ya hewa, na filta ya oili ikiwa sehemu ya gari tangu kiwandani. Gari liliuzwa sana, mwaka wa kwanza tu magari kama 32,000. Watu walinunua kwa sababu ya mwendo na sura, tusidanganyane. Hakuna mtu aliyeingia dukani akasema “nionyeshe filta”. Lakini filta ilikuwa humo, ikifanya kazi yake kimya kimya. Na wengine wakaanza kufuata.

Nimegundua hiyo ni tabia ya filta tangu siku ya kwanza: inafanya kazi bila kuonekana, na ikiacha kufanya kazi pia hauoni.

Asilimia ndogo, kisha zote

Filta za kwanza zilikuwa na shida moja. Kitambaa kinachochuja vizuri kinapitisha oili polepole, na injini haiwezi kungoja. Kwa hivyo walikuwa wanachepusha sehemu ndogo tu ya oili ipite kwa filta, halafu ile nyingine yote inaenda kwa beringi ikiwa vile ilivyo. Wazo lilikuwa kwamba baada ya muda, tone moja moja, oili yote itakuwa imepitia hapo. Ni kama kuchota maji ya tangi kwa kikombe, unachuja, unarudisha, ilhali watu wa nyumbani wanaendelea kukunywa kwa bomba.

Hiyo stori ya kuchuja kidogo kidogo ilileta vituko. Marekani kulikuwa na filta inaitwa Frantz ambayo ndani yake unaweka roli ya tishu ya choo. Siwachezei. Tishu ya choo. Na watu waliipenda, kwa sababu karatasi iliyofungwa kwa kubana hivyo inakamata vitu vidogo sana.

Katika miaka ya 1940 ndiyo ikaja filta ya karatasi iliyotiwa resini na kukunjwa kama feni ya mkono. Kwa nini kuikunja? Kwa sababu unaweka karatasi kubwa ndani ya kopo dogo. Karatasi kubwa inamaanisha oili inapita haraka bila kubanwa. Sasa oili yote ikaweza kuchujwa kabla ya kufika kwa beringi, si sehemu tu. Na katikati ya miaka ya 1950 ikaja ile filta ya kufunga kwa mkono, kopo zima unalizungusha kama kifuniko cha chupa. Hiyo ndiyo mnaona leo kwa Probox, kwa Nissan, kwa karibu kila gari hapa mtaani.

Lakini hapa kwa kuchuja oili yote ndipo ulipozaliwa mtego uliomnasa Anko. Sikiliza vizuri.

Kama oili yote lazima ipitie kwa filta, filta ikiziba inakuwaje? Injini inakosa oili kabisa na inakufa kwa dakika chache. Wahandisi wakaona hiyo ni hatari. Wakaweka mlango mdogo wa springi, wengine kwa filta yenyewe, wengine kwa injini. Filta ikiziba, ama oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi, shinikizo linafungua huo mlango na oili inapita bila kuchujwa. Hesabu yao ni ya busara: oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili.

Sasa uone ubaya wake. Filta ikijaa, gari halisimami. Hakuna taa inayowaka kusema “filta imejaa”. Gari linawaka, linatembea, linabeba abiria, linaleta pesa. Na kila dakika linakunywa uchafu wake lenyewe. Ile taa nyekundu ya oili inapokuja kuwaka, beringi zimeshalika, nafasi zimepanuka, shinikizo limeshuka. Taa hiyo haikuonyi. Inakupa pole.

Anko aliiona ikipepesa siku tatu. Akaambiwa ni sensa.

Uongo wa oili nyeusi

Hapa nataka kumaliza ubishi wa mtaani. Watu wengi wanachomoa ile fimbo ya kupimia, wanaangalia rangi. Nyeusi, mbaya. Ya dhahabu, nzuri. Kumbe mambo si hivyo.

Katika miaka ya 1930, matrekta ya dizeli ya Caterpillar yalikuwa yanasumbua. Oili ilikuwa inaacha ukoko kwa ringi za pistoni mpaka zinakwama. Katikati ya muongo huo, kampuni ya Standard Oil ya California ikatoa oili iliyowekwa dawa ya kusafisha, kama sabuni, wakaiita Delo. Dawa hizo zikaendelea kuboreshwa, hadi oili ikaweza kubandua masizi na kuyashikilia yakielea badala ya kuganda. Kwa hivyo oili ya dizeli inaweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya service na bado iko sawa. Inafanya kazi yake.

Na kinyume chake ndicho kibaya. Oili inaweza kung'aa vizuri na imejaa vitu vinavyoua. Unywele wako una unene wa kama maikroni 70, na maikroni moja ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Jicho la mtu linaanza kushindwa kwa kama maikroni 40. Lakini nafasi iliyo kati ya beringi na shafti, pale ambapo utando wa oili unabeba uzito wote, mara nyingi haifiki hata 20. Chembe kubwa kuliko hiyo nafasi haiingii. Chembe ndogo sana inapita bila kugusa. Ile inayotoshea, hiyo ndiyo inaingia na kukwangua pande zote mbili.

Mwaka 1988 wahandisi wa General Motors walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili. Walilinganisha filta za viwango tofauti. Ukitoka filta ya maikroni 40 ukaenda ya 30, kulika kwa injini kulipungua kwa asilimia 50. Ukienda ya 15, kukapungua kwa asilimia 70. Injini ni ileile, oili ni aina ileile. Tofauti ni ukubwa wa matundu ambayo huwezi kuyaona.

Mambo ya tinga na ndege

Kama injini ni mkali kwa uchafu, basi mfumo wa haidroliki ni malkia kabisa. Haidroliki ni ile nguvu inayoinua mkono wa tinga na ndoo ya taka ya lori, na hata mabawa madogo ya ndege yanayopinda wakati wa kutua. Pampu inasukuma oili kwa shinikizo kubwa sana, na valvu zinaelekeza nguvu. Ndani ya hizo valvu kuna chuma kinachoteleza ndani ya chuma kingine, nafasi ikiwa maikroni chache tu. Chembe moja ikikwama hapo, mkono wa tinga unaganda hewani ama unashuka bila kuambiwa. Kwa tinga ni hasara na hatari. Kwa ndege ni maombolezo.

Hapo ndipo watu walilazimika kuacha kusema “filta nzuri” na kuanza kupima. Kwa miaka mingi kila muuzaji alikuwa anaandika namba yake kwa boksi, na hakuna anayejua imetoka wapi. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, kundi la profesa Ernest Fitch lilikuza jaribio moja la kusema ukweli: zungusha oili yenye vumbi linalojulikana kwenye filta, tena na tena, hesabu chembe kabla na baada. Zikiingia 75 ikapita moja, filta hiyo ni ya 75 kwa ukubwa huo wa chembe. Zikiingia mbili ikapita moja, ni ya 2, yaani nusu ya uchafu inapita. Maboksi ya filta hizo mbili yanaweza kuandikwa “maikroni 10” yote mawili. Moja ni mlinzi, nyingine ni mapambo.

Baadaye ikaja namba ya kimataifa ya usafi wa oili, ISO 4406, ambayo tangu 1999 inahesabu chembe za maikroni 4, 6 na 14 katika mililita moja. Kila namba ikipanda kwa moja, chembe zinaweza kuwa mara mbili. Na kwa hesabu hiyo watu wakagundua aibu kubwa: oili mpya kutoka kwa pipa mara nyingi si safi ya kutosha kwa mashine za haidroliki. Mpya haimaanishi safi. Ndiyo maana makampuni makini huchuja hata oili mpya kabla ya kuimimina.

Huko Uingereza, mwaka 1966, kamati iliyoongozwa na Peter Jost iliiambia serikali kwamba nchi ingeokoa pauni milioni 515 kila mwaka kama ingechukulia msuguano na ulainishaji kuwa somo la kweli. Wakatunga hata jina la somo, tribolojia, kutoka neno la Kigiriki la kusugua. Nchi tajiri ilikaa chini ikahesabu vile kusugua kwa vyuma kunaimaliza. Sisi tunahesabu lini?

Na sisi je?

Mtu ataniambia, mbona VW Kobe lilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, na halikuwa na filta ya karatasi, wavu tu chini ya injini? Kweli kabisa. Lakini angalia maelewano yalikuwa yapi: huna filta, basi badilisha oili mapema na usafishe wavu kila mara. Na filta ya hewa ya hilo gari ilikuwa na bakuli la oili la kunasa vumbi kabla halijaingia. Ule uimara ulikuwa na masharti.

Boda ni hivyo hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitoa CG125, pikipiki waliyoibuni wakijua itabebeshwa mizigo mizito na haitapata matunzo mengi. Injini za muundo huo zimenakiliwa sana, na nyingi ziko kwa barabara zetu. Hazina filta ya karatasi. Zina wavu, na kikombe kinachozunguka na injini, kinarusha uchafu pembeni ubaki umegandamana. Ni akili ya ajabu. Lakini kikombe kinajaa, na kukisafisha lazima ufungue injini pembeni. Muulize rafiki yako wa boda lini kilisafishwa. Wengi hata hawajui kipo.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na vijana wengi wakapata kazi. Hiyo ilikuwa poa. Lakini hakuna mtu aliyewafunza kinachoendelea ndani ya ile injini wanayolipia kila siku. Tulipewa mashine, hatukupewa maarifa yake. Halafu injini ikinoki tunasema ni ya Mchina.

Mimi msimamo wangu ni huu. Shida yetu si umaskini peke yake, kwa sababu Anko alilipa. Alilipia filta mpya kila mara, miaka miwili. Aliibiwa kwa sababu alichokuwa analipia hakionekani, na hakuwa na njia ya kukagua. Mwizi wa simu unamwona akikimbia. Mwizi wa filta anakupa risiti na kukuambia karibu tena.

Kwa hivyo hiki ndicho tunafanya sasa, na hakina gharama. Filta mpya tunainunua wenyewe, dukani tunakojua. Tunaandika tarehe na kilomita juu yake kwa kalamu isiyofutika. Kabla haijafungwa tunaangalia kama raba yake ni laini na inakaa sawa. Tunasimama pale ikifungwa. Ya zamani tunaibeba, inakatwa na msumeno, tunaangalia ndani. Ikiwa na masizi tu, sawa. Ikiwa na vitu vinavyong'aa, tunajua mapema, kabla ya Kinungi. Na oili iliyotoka haimwagwi kwa mtaro, inawekwa kwa mtungi na kupelekwa kwa wanaokusanya, kwa sababu huo mtaro unaingia mtoni.

Mara ya kwanza Anko alipoitisha msumeno gereji, vijana wa hapo walimcheka. Akawaambia wacheke tu, lakini wakate. Walipoona ndani wakanyamaza, mmoja akatoa simu akapiga picha. Wiki mbili baadaye jamaa wa boda akaja kuuliza kama kikombe cha pikipiki yake pia kinaweza kufunguliwa.

Kikafunguliwa. Tope lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Injini bado ilikuwa nzima.